Pasipoti Yako Iko Wapi? Posa, Nikaha na Viza ya Mke wa Uingereza

Posa yangu ililetwa Tanga katikati ya mwaka 2023, nami nikafika Uingereza mwezi Septemba 2025. Katikati ya tarehe hizo mbili ipo miaka miwili na ushei ambayo jamaa zangu huikumbuka kama muda wa kungoja karatasi. Mimi naikumbuka kama muda ulionifundisha kwamba ndoa ni jambo moja na viza ni jambo jingine, na kwamba mwanamke anayeiacha viza iiongoze ndoa yake hujikuta amekabidhi vitu ambavyo asingemkabidhi mtu katika hali ya kawaida: hati zake, fedha zake, picha zake za faragha, na hata uwezo wake wa kusema hapana. Nawaandikia dada zangu walioposwa na wanaume walio mbali, hasa Uingereza, kwa sababu maswali wanayoniuliza karibu yote yanahusu fomu, ilhali mambo yaliyoniokoa mimi yalifanyika kabla ya fomu yoyote kujazwa.

Mume wangu ni mtoto wa Tanga aliyekwenda Uingereza akiwa kijana, akapata uraia wa huko, na sasa ni dereva wa basi katika mji wa Reading. Alipoleta posa, baba hakujibu. Alimpigia simu mjomba anayeishi Coventry akamwomba aende Reading akaone kwa macho yake mtu huyu anaishi wapi, anafanya kazi gani, anaswali na nani, na majirani wanamjua kwa lipi. Hii ndiyo kazi ya zamani ya mshenga na wazee wa pande zote mbili, na sioni kwa nini umbali wa bahari uifute. Naona umbali ndio unaoifanya iwe ya lazima, kwa kuwa mtu anayezungumza nawe kwa simu ya video huchagua ukuta unaouona nyuma yake. Kama huna mjomba Coventry, wapo watu wa mji wako, wapo mliosoma nao, upo msikiti au kanisa analosema anasali. Mwanamume mwenye nia njema hachukii kutembelewa.

Mjomba alirudi na habari nzuri na moja nzito. Mchumba wangu alikuwa ameoa kabla, akatoa talaka ya Kiislamu mbele ya mashekhe, na kwa upande wa dini jambo lilikuwa limekwisha. Lakini ndoa ile ya kwanza ilikuwa imesajiliwa pia kwa sheria ya Uingereza, na talaka ya mdomo iliyotolewa huko haivunji ndoa ya serikali. Kwa macho ya sheria alikuwa bado mume wa mtu. Hakuwa amenificha, yeye mwenyewe aliamini kwamba ameachana na mkewe kikamilifu, na nimegundua baadaye kwamba wanaume wengi wa kwetu walioko huko wako katika hali hiyo hiyo. Baba akasema nikaha haitafungwa mpaka aione amri ya mwisho ya mahakama. Kwa utaratibu ulioanza Aprili 2022, anayeomba talaka Uingereza hungoja wiki 20 kabla ya kuomba amri ya kwanza, kisha wiki 6 kabla ya ile ya mwisho, na bado pana siku za mahakama yenyewe. Ombi lake lilipelekwa Septemba 2023, na amri ya mwisho ikatoka Mei 2024.

Kusubiri huko kulitugharimu, nami sitaki kulificha hilo. Hadi tarehe 10 Aprili 2024, raia wa Uingereza aliyetaka kumleta mkewe alitakiwa awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Kuanzia tarehe 11 Aprili kiwango kikapanda hadi pauni 29,000, na mchumba wangu wakati ule alikuwa akipata chini kidogo ya hapo. Wapo ndugu waliomlaumu baba waziwazi kwamba ukaidi wake ndio uliotufungia mlango. Mimi nilisema wakati ule, na nasema sasa, kwamba baba alikuwa sahihi. Kama tungefunga nikaha haraka ili kuiwahi tarehe, ningeingia katika ndoa ambayo Uingereza haiitambui, ombi la viza lingekataliwa, na mimi ningebaki Tanga nikiwa mke wa mtu ambaye kwa karatasi ni mume wa mwingine. Hakuna punguzo la pauni linalofidia hali hiyo.

Palikuwa na ushauri mwingine uliotujia kwa wema: niende kwanza kwa viza ya mchumba, tuoane huko huko. Viza hiyo hudumu miezi 6, mwenye nayo haruhusiwi kufanya kazi, na baada ya kuoana mnalipa tena ada ya ombi la pili. Hayo ya fedha si makubwa kama hili: kinga ambayo sheria ya Uingereza inampa mke aliyeteswa na mumewe, ambayo nitaieleza hapa chini, haimfikii aliyeingia kwa viza ya mchumba. Ningekuwa huko miezi kadhaa, bila kazi, bila ndoa na bila kinga hiyo. Tuliamua kuoana nyumbani, mbele ya watu wangu.

Tulioana Desemba 2024. Kabla ya siku hiyo tulikwenda pamoja kupima afya, virusi vya Ukimwi na selimundu, tukasomewa majibu tukiwa tumekaa viti viwili vya jirani. Nasisitiza neno pamoja, kwa sababu picha ya cheti cha hospitali inayotumwa kwa simu inaweza kuwa ya mtu yeyote na ya mwaka wowote. Kwa kuwa likizo yake ilikuwa fupi, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla, tulimtumia imamu taarifa hiyo pamoja na nakala ya amri ya mahakama kabla mchumba wangu hajapanda ndege. Yupo aliyependekeza tufungishwe nikaha kwa simu ili kuokoa nauli. Nilikataa. Masharti ya viza yenyewe yanataka wanandoa wawe wamekutana ana kwa ana, lakini hata yasingetaka, mtu asiyeweza kuja kunioa sioni namna atakavyoweza kuishi nami.

Katika kikao cha wazee niliomba masharti yangu yaandikwe: kwamba nitaruhusiwa kufanya kazi, kwamba hati zangu zitakaa kwangu, na kwamba nitarudi kuwaona wazazi wangu ndani ya miaka miwili ya kwanza. Mchumba wangu aliyasikiliza yote na akatia saini mbele ya wali na mashahidi. Mahari yangu niliipokea mwenyewe. Sura ya Nisaa, aya ya 4, inaagiza wanawake wapewe mahari yao, na sehemu niliiweka katika akaunti yenye jina langu peke yangu, ambayo ipo mpaka leo na ina nauli ya kunirudisha nyumbani. Somo yangu, aliponifunda, aliongeza neno ambalo nilidhani angelikwepa: akaniambia kwamba kuvumilia hakuna maana ya kupigwa. Baadaye nilisoma kifungu cha 66 cha ile Sheria ya Ndoa, kinachosema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, nikaona kwamba somo na sheria wanasema jambo moja.

Baada ya harusi mume wangu alirudi Reading akaongeza saa za kazi hadi kipato chake kikapita pauni 29,000, nasi tukasubiri miezi 6 ili hati za mshahara na taarifa za benki zilingane. Katika miezi hiyo ndipo nilipokaribia kufanya kosa kubwa kuliko yote. Wakala mmoja, niliyeelekezwa kwake na mtu ninayemheshimu, aliniambia kwamba hakuna haja ya kungoja, kwa sababu yeye anaweza kutengeneza taarifa za benki zinazofaa. Alitaka shilingi milioni mbili na pasipoti yangu halisi. Fedha sikumpa, lakini pasipoti nilimwachia siku ile kwa haya, kwa kuwa alinyoosha mkono kuipokea kana kwamba ni jambo la kawaida. Ilinichukua wiki tatu na safari nne kuipata, na safari ya mwisho nilikwenda na shangazi, ambaye alikaa kwenye kiti cha ofisi ile akakataa kuondoka. Anayewasilisha hati ya kughushi katika ombi la viza ya Uingereza anaweza kufungiwa miaka 10, na adhabu hiyo humwangukia mwombaji. Wakala hana jina lake kwenye fomu. Kwa walioko Uingereza, kutoa ushauri wa uhamiaji bila kuwa mwanasheria au kusajiliwa na mamlaka husika ni kosa kwa sheria ya mwaka 1999, kwa hiyo anayejitambulisha kama mtaalamu aulizwe namba yake ya usajili, na namba hiyo ithibitishwe.

Gharama tulizifahamu mapema. Ada ya ombi kutoka nje ya Uingereza ilikuwa pauni 1,938 katikati ya mwaka 2025, na mchango wa huduma ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka, ambao kwa viza ya miezi 33 hufikia pauni 3,105. Ongeza kipimo cha kifua kikuu, ambacho cheti chake hudumu miezi 6 tu na hivyo hakifai kuchukuliwa mapema mno, na uthibitisho wa Kiingereza. Mimi nilifundisha Jiografia sekondari kwa Kiingereza na nina shahada, lakini Tanzania haimo katika orodha ya nchi zinazosamehewa, hivyo shahada ililazimika kuthibitishwa na shirika la Ecctis. Mume wangu alilipa ada, nami nililipa vipimo na uthibitisho. Tulikubaliana hivyo ili pasiwepo siku ambayo mmoja wetu atamwambia mwenzake kwamba alimnunua.

Fomu tuliijaza wote wawili kwa simu ya video, usiku kadhaa. Nakuomba, dada, usikubali fomu yenye jina lako ijazwe usipoisoma. Vilevile akaunti ya mtandaoni ya viza iandikishwe kwa barua pepe yako na namba ya simu yako, na nenosiri lijulikane kwako. Tangu mwisho wa mwaka 2024 zile kadi za ukaazi hazitumiki tena, na uthibitisho kwamba unaishi Uingereza kihalali umo ndani ya akaunti hiyo. Mwenye kuifungua ndiye anayeweza kumwonyesha mwajiri au mwenye nyumba kwamba una haki ya kuwepo, na mtu huyo awe wewe.

Ushahidi wa uhusiano tuliouambatanisha ulikuwa tiketi za ndege, picha za harusi, cheti cha ndoa pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza, na orodha za simu. Picha za faragha hazihitajiki na hazina nafasi katika bahasha hiyo. Nilipoombwa picha za aina hiyo katika miezi ya upweke, na ziliombwa kwa upole kabisa, nilimwambia mume wangu kwamba simu hupotea na simu huibiwa, naye akaelewa.

Sasa ile kinga niliyoitaja. Wanawake wengi huvumilia mateso huko kwa sababu wameambiwa na waume zao: ukisema neno nitakurudisha. Mume anaweza kuiarifu serikali kwamba ndoa imekwisha, lakini uamuzi wa kuifuta viza si wake. Mke aliyeingia kwa viza ya mke, na ndoa yake ikavunjika kwa sababu ya kuteswa, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu kwa haki yake mwenyewe, bila kungoja miaka mitano ya kawaida. Kama hana fedha wala mahali pa kukaa, anaweza kwanza kuomba kibali cha miezi 3 kinachomruhusu kupata msaada wa serikali wakati ombi lake likiandaliwa. Mateso hayo si kipigo peke yake. Kuzuiwa fedha, kutishwa na kufungiwa ndani vimo pia. Na tangu mwaka 2024 kanuni zinamtambua hata mke aliyepelekwa likizo nyumbani kisha akaachwa huko, pengine akanyang'anywa pasipoti, naye anaweza kuomba kurudi akiwa nje ya Uingereza. Simu ya bure ya msaada ni 0808 2000 247, saa zote, na unaweza kuomba mkalimani. Hatari ikiwa mlangoni piga 999. Kama huwezi kusema, ukitumia simu ya mkononi subiri uambiwe, kisha bonyeza 55.

Namba hizo nilizikariri kabla ya kusafiri, na mume wangu anajua kwamba nazijua. Hakuona kuwa ni dharau. Alisema angependa dada zake nao wazijue, na kwa jibu hilo nilimfahamu zaidi kuliko kwa barua zote za miaka miwili.

Nakala za pasipoti yangu, cheti cha ndoa, karatasi ya masharti na uamuzi wa viza zimo kwenye sanduku la bati la shangazi, Ngamiani, chini ya kanga zake. Kila Alhamisi baada ya Magharibi hunipigia simu. Kabla ya kuniuliza hali huuliza pasipoti yangu iko wapi, nami humjibu kwamba imo ndani ya mkoba wangu, shangazi, kisha tunaanza habari za nyumbani.