Siku moja maishani mwangu: karani wa forodha Mombasa

Saa kumi na mbili asubuhi nimeshavuka feri ya Likoni. Mahamri na mbaazi nitakula ofisini, maana barua za wateja huingia mapema.

Saa mbili. Kazi yangu ni kutoa mizigo ya wateja katika bandari ya Kilindini. Mteja analeta ankara, hati ya shehena na orodha ya vifurushi, nami natayarisha tamko la forodha ili ushuru ulipwe na kontena litoke. Zamani makaratasi haya yalichapwa na vijana waliotoka chuoni. Siku hizi programu ya akili bandia huyasoma yenyewe, na kabla chai haijapoa kila tarakimu imekaa mahali pake. Makosa ya kuchapa yamepungua sana, na kwa hilo naishukuru.

Saa nne. Kontena la pampu kutoka China. Programu imeziweka fungu la 8413, la pampu za vimiminika; fungu ni namba ya aina ya bidhaa katika kitabu cha ushuru, nayo ndiyo inayoamua kiwango cha kulipa. Nafungua katalogi ya mtengenezaji: zinasukuma hewa, kwa hiyo ni 8414. Ankara iliandika "pampu" tu, basi programu ikachukua neno lilivyo. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una viwango vikuu vinne, asilimia 0, 10, 25 na 35. Fungu likikosewa, mteja anaweza kulipa kupita kiasi, au akalipa kidogo kisha faini ikamfuata. Na muda wote wa kubishana, kontena limekaa bandarini na gharama za kuhifadhi zinapanda.

Mimi nilijifunza kuuliza "inasukuma nini?" kwa sababu nilianza kwa kuchapa. Ankara baada ya ankara, huku mkubwa wangu amesimama nyuma yangu akiuliza maswali. Kazi ile ya kuchosha ndiyo iliyokuwa shule, nayo ndiyo iliyoondoka kwanza.

Saa saba. Viazi karai, pamoja na mzee mmoja aliyekuwa kuli wa bandarini.

"Sisi tulitolewa na sanduku, mwanangu," anasema.

Alibeba magunia. Kontena, lililoanza safari zake Marekani mwaka 1956, lilipozoeleka huku, kreni ikafanya kazi ya genge zima. Wanawe wakaingia kwenye malori. Mwaka 2017 ikaja SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, kisha amri ya kupeleka mizigo Nairobi kwa reli, na hapa mjini tukaona gereji na hoteli za barabarani zikipoteza wateja. Watu waliandamana mwaka 2019. Mwaka 2022 serikali ikarudisha Mombasa shughuli za kutoa mizigo.

Hilo linanikaa moyoni. Amri ilikuwa na mwenyewe, ungeweza kwenda kupiga kelele mlangoni pake. Kijana ambaye hakuitwa kazini kwa sababu ofisi imenunua programu ataandamana wapi? Hakufukuzwa, hana barua ya kuonyesha. Nafasi haikutangazwa, basi.

Saa tisa. Simu za madereva, kama kawaida.

Saa kumi. Mwaka 2024 Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria kwamba akili bandia itagusa takriban asilimia 40 ya kazi duniani: karibu 60 katika nchi tajiri, 26 katika nchi zenye kipato cha chini. Wako wanaoisoma hiyo 26 kama habari njema kwetu. Mimi naogopa. Kazi za ofisini kwetu ni chache, na hizo chache ndizo wazazi wa Kisauni na Changamwe wanazouzia shamba ili mtoto asome. Mlango wake ukifungwa, mimi na wenzangu tukistaafu, nani atajua kwamba pampu hii ni ya hewa?

Kwa hiyo nimemwendea bosi. Nimemwomba binti aliye kwetu kwa mafunzo aainishe mizigo mwenyewe kwanza, kwa kitabu cha ushuru, ndipo afungue jibu la programu na kuandika kwa nini wametofautiana. Bosi ameuliza itamgharimu muda gani. Nimemwambia saa moja kwa siku, na kwamba faini moja ni ghali kuliko saa hizo zote.

Amekubali. Kuhusu malipo, amesema kwa sasa ni nauli tu.

"Dada, nianze na zipi?" binti ameniuliza.

Nimempa faili la pampu, bila kumwambia nilichokiona. Suala la mshahara wake nitalirudisha mezani mwisho wa mwezi.