Mbatata za Kisauni, kwenye mifuko ya kitambaa

Mara ya kwanza nilipanda Januari, kaskazi limekolea na jua la Kisauni, hapa Mombasa, halina huruma. Majani yalitoka hayo! Marefu, mabichi, majirani wakawa wanachungulia ukutani. Baada ya miezi mitatu nikamwaga mfuko juu ya turubai, nikapekua udongo kwa vidole. Nilipata mbatata saba, kubwa yao kama kunazi. Shangazi, aliyekuja na bakuli akitegemea za kupika viazi karai, alizitazama, kisha akanitazama mimi. "Mwanangu, hizi za kula au za kuchezea bao?"

Nilidhani kosa ni mbolea, kumbe joto. Mbatata huweka viazi vizuri udongo ukiwa kwenye nyuzi 15 hadi 20 hivi. Ukikaribia 30, mmea unanenepa majani tu, na usiku wa joto unazidi kuharibu. Mimi nami nilikuwa nimetumia mifuko myeusi ya plastiki, tena juu ya saruji. Saa nane mchana nilipotia kidole, udongo ulikuwa na uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa mezani.

Nikasubiri msimu wa kusi, joto lipungue. Safari hii nilipanda katikati ya Mei, ili viazi vijijaze Julai na Agosti, miezi ambayo hata sisi wa pwani hutafuta shuka usiku. Fundi cherehani akanishonea mifuko sita ya kitambaa cha maradufu nyeupe, kila mmoja unaingia ndoo mbili za udongo. Kitambaa kinafanya kazi ya mtungi: maji yanatoka jasho ubavuni na ndani kunapoa. Adhabu yake ni kwamba kinakauka upesi, kwa hiyo nilimwagilia kila alfajiri. Niliipanga juu ya matofali upande wa mashariki. Ikifika saa tano mwembe wa jirani unaitia kivuli, nami namshukuru mwenye mwembe, ingawa majani yake nafagia mimi.

Udongo nilichanganya mwekundu, samadi ya mbuzi iliyooza sawasawa, na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Nikajaza theluthi ya mfuko, mbegu mbili, halafu nikaongeza kidogo kidogo kadiri shina lilivyopanda. Juu nikafunika kwa vipande vya makuti makuukuu.

Mbegu ndiyo ilinifunza adabu. Mfuko mmoja niliweka mbatata za dukani zilizoota macho. Mmea ulikuwa mzuri, na siku moja adhuhuri ukanyauka ghafla, majani bado mabichi. Nikakata shina karibu na udongo, nikalitumbukiza kwenye gilasi ya maji. Haikupita muda, uzi mweupe kama tui ukaanza kuteremka. Huo ni mnyauko wa bakteria, hauna dawa. Nikautupa mfuko pamoja na udongo wake, mbali na mingine. Mitano iliyobaki ilikuwa Shangi, aina ya mbatata, kutoka Kinangop huko bara, mbegu ya mkulima niliyeelekezwa na dereva wa lori. Shangi ina haraka ya kuota: niliziweka kwenye trei ya mayai chini ya kitanda, wiki mbili zikawa na machipukizi mafupi, manene. Nilizipanda nzima. Zikikatwa, kwenye joto hili zinaoza upesi.

Maji ya kisima chetu yana chumvi. Nilipoyatumia siku chache, ncha za majani ziliungua. Nikarudi kwenye pipa la mvua, na lilipokauka nikanunua mitungi ya mkokoteni, jambo ambalo mke wangu bado analitaja.

Mwisho wa Agosti majani yalipogeuka manjano nikaacha kumwagilia, siku kumi baadaye nikamwaga. Mfuko bora ulitoa kilo moja na nusu, mbaya haukufika kilo. Zote pamoja kilo sita kasorobo. Mbatata mbili zilikuwa zimechungulia jua zikawa kijani, nikazitupa, maana hizo ni sumu. Ukipiga hesabu ya maradufu na maji, soko la Kongowea ningenunua nyingi zaidi na nauli ikabaki.

Shangazi alikuja na bakuli lile lile. Alizimenya mwenyewe, akazichemsha, akazichovya kwenye unga wa manjano, akazikaanga. Kwenye sahani yangu ziliwekwa tatu, na ukwaju kidogo.