Jinsi nilivyozuia iPad kuzimika angani

iPad ninayotumia kama ramani nikirusha ndege ilizimika mara mbili, zote saa nane mchana, nikitoka Kisumu kwenda Nakuru kwa ndege ndogo ya Cessna 172. Skrini nyeusi, alama ya kipimajoto, ramani hakuna. Ziwa huwezi kulikosa, lakini vilima vya Mau vikiwa na mawingu ni habari nyingine. Bahati nilikuwa na ramani ya karatasi.

Nililaumu betri. Fundi mmoja akacheka: “Omera, hiyo unaikaanga.” Kweli. iPad imeundwa kutumika penye joto lisilozidi nyuzi 35, nami nilikuwa nimeibandika kwenye kioo cha mbele, ndani ya kava nene la mpira, ikichajiwa huku mwangaza ukiwa juu kabisa. Jua upande mmoja, joto la chaji upande wa pili, hewa haina pa kupita.

Nikavua kava, nikaihamishia kwenye usukani penye kivuli, nikaacha nafasi nyuma yake na kuligeuzia huko tundu la hewa. Chaji naijaza usiku nyumbani. Nikiegesha, nashuka nayo. Kuna aliyenishauri niiweke kwenye friji kwanza; nilikataa, unyevu ungejikusanya ndani. Haijazimika tena, hata Februari, ingawa ramani ya karatasi bado naibeba.