Prosesa ikigonga 100 usikimbilie pesti

Kuanzia Desemba mpaka Machi meseji ninazopata za wenye kompyuta ni zile zile, "kaka mashine inachemka", "bro prosesa imefika 95 itaungua?", na ukimuuliza mtu umeshafanya nini mpaka sasa anakwambia nimebadilisha pesti, ule ute unaopakwa kati ya prosesa (chipu kuu ya kompyuta) na chuma cha kupozea kilicho chini ya feni. Kila mtu kabadilisha pesti. Sijui nani aliwapa watu wa mji huu hiyo dawa, maana kati ya pesti ya kawaida na ya bei mbaya tofauti ni digrii chache tu, haiwezi kuitoa mashine kwenye 100 ikaishusha mpaka 70, labda kama ya zamani ilishakauka ikawa unga kabisa.

Mimi siulizi imefika ngapi, nauliza imepandaje, imeruka au imepanda taratibu? Hapo ndo unajua tatizo liko wapi kabla hata hujashika bisibisi.

Ila kwanza tuelewane kuhusu joto la chumba, manake watu wanasoma huko mtandaoni mtu anasema prosesa yangu ikiwa kazini haivuki 60 wanaanza kupata presha. Huyo jamaa yuko kwenye chumba cha digrii 20. Wewe uko Tabata chini ya bati, Februari saa nane mchana, nje 32 au 33 na humo ndani ni zaidi, na feni hata uifunge kubwa vipi inapuliza hewa hiyo hiyo ya chumbani, haiwezi kuipoza prosesa ikawa chini ya hewa yenyewe. Kwahiyo toa joto la chumba kwenye namba unayoiona. Yake 60 toa 20 ni 40, yako 75 toa 35 ni 40 vilevile, mko sawa kabisa, yeye kakuzidi baridi tu.

Na kuungua sio rahisi hivyo. i5-12400 ya Intel kikomo chake ni 100, Ryzen 5 3600 ya AMD ni 95, ikigusa hapo inajipunguza spidi yenyewe, na ikizidi mashine inajizima. Unachopoteza ni spidi na muda wako, ambayo kwa mtu anayekula kupitia hiyo mashine ni hasara tosha.

Kupima, Task Manager ya Windows haikuonyeshi joto la prosesa, shusha HWiNFO inayosoma joto, ni ya bure, halafu washa Cinebench, programu ya kuipa prosesa mzigo mzito, iache ikimbie kama dakika kumi huku unaangalia ile namba. Usiondoke ukaenda kula, sekunde za mwanzo ndo zina maneno.

Mfano dogo mmoja mtoto wa mamdogo, yuko Sinza anaediti video za sendofu na harusi, ana i5-12400F na ile feni inayokuja nayo kwenye boksi. Akanipigia, "kaka shikamoo, video ya saa moja inarenda mpaka asubuhi, na pesti nimeweka ile ya bei". Nikaenda. Tukabonyeza Cinebench, haijapita hata sekunde mbili namba imetoka hamsini na kitu ikagonga 100 ikaganda hapo, spidi ikaporomoka. Sasa joto likiruka hivyo usihangaike na vumbi wala feni za kesi, yaani sanduku la mashine, chuma cha kupozea kizito namna ile hakiwezi kupata moto wote ndani ya sekunde mbili, maana yake joto halijafika kwenye chuma kabisa, limebaki kwenye prosesa. Chuma hakijakaa.

Nikazima, nikachomoa waya ukutani, nikafungua ubavu nikaisukuma feni kwa kidole, kona moja ikacheza. Zile feni zina miguu minne ya plastiki, kila mguu una kichwa chenye mshale, na watu wengi wanadhani mshale unaonyesha upande wa kufungia kumbe ni wa kufungulia. Ya dogo mguu mmoja ulikuwa umezungushwa kufuata mshale, umeingia kwenye tundu ila haujakamata, aliyemuunganishia alibonyeza akaona imezama akaridhika. Tukaitoa yote, tukafuta pesti kwa spiriti ya isopropili, ile mafundi simu wanayotumia, tukaweka tone jipya katikati saizi ya punje ya choroko, halafu tukabonyeza miguu kwa mkingamo, kona hii kisha ya upande wa pili, kila mmoja mpaka usikie "tak". Ukigeuza madabodi, ile bodi kubwa inayobeba prosesa, kwa nyuma lazima uone ncha nne zimetokeza sawasawa, usipoona nne rudia. Cinebench ya pili ikatulia kwenye sabini na kitu, spidi 4.0 GHz bila kushuka. Pesti yake ya bei haikuwa na kosa lolote masikini.

Kama ungekuta feni zile za kununua pembeni, angalia pia kile kiplastiki chembamba chini ya chuma, watu wanafunga nacho. Nimeviona kwa macho yangu.

Sasa ikipanda taratibu, dakika ya kwanza 70, ya tano 82, ya kumi 90, hapo ndo tuongelee hewa. Fungua ubavu wa kesi rudia kipimo, ikishuka digrii nane au kumi basi kesi inabana, mbele ni kioo kitupu hakuna pa kuvutia, au feni zote zinatoa hakuna inayoingiza, au mashine imesukumwa ndani ya kabati la meza nyuma kuna ukuta na pazia. Isipobadilika kitu chungulia kati ya mapezi ya chuma na feni, kama nyumba iko jirani na barabara ya vumbi utakuta blanketi. Puliza kwa bloa mashine ikiwa imezimwa, na feni ishikilie kwa kidole isizunguke, upepo wa bloa unaizungusha kuliko ilivyotengenezwa na beringi zinakufa.

Kuna za aina ya tatu, kila kitu kimekaa vizuri ila inachemka tu, hizi nyingi ni i7 na i9. i7-13700K imeandikwa mwisho wati 253, ukiingia kwenye bayosi, ile menyu ya mipangilio ya madabodi, mara nyingi, hasa bayosi ya zamani, unakuta imewekwa 4096, yaani hakuna kikomo, ile vuta unavyoweza. Irudishe 253 au hata chini ya hapo, ukiweka 180 kwenye kazi za kawaida hutaona tofauti na hata LUKU itakushukuru. Wenye Ryzen 7600X nao wasishtuke, AMD wenyewe walisema ile imetengenezwa kwenda mpaka 95 ikipata mzigo, ukitaka ipoe washa Eco Mode ya wati 65 kwenye bayosi.

Baada ya yote hayo kama bado, ndo nenda Kariakoo ukanunue feni kubwa ya mnara. Kabla hujatoka pima kwa futi kutoka usawa wa juu wa prosesa mpaka kwenye ubavu wa kesi, mnara wenye feni ya milimita 120 huwa una urefu wa milimita 150 mpaka 160 na kesi nyembamba hazifungi ubavu. Na dukani usiseme "ya Intel" ukaishia hapo, sema LGA1700, ndo aina ya soketi ya hizi i5-12400 na i7-13700K, matundu yake yamekaa mbali kidogo kuliko ya LGA1200, soketi ya zamani, ukipewa vishikio vya zamani utajikuta unarudi kwenye foleni ya Msimbazi na boksi mkononi.