Zamu ya usiku na chupa za damu

Saa moja jioni. Mimi ni mteknolojia wa maabara, na siku yangu huanza wengine wakirudi nyumbani. Chumba chetu kimepakana na mapokezi ya dharura. Wagonjwa nawasikia tu. Ninaowaona ni wachache. Kwanza napitisha sampuli za kuhakiki mashine. Leo imekubali mara ya kwanza, ajabu.

Saa tatu. Damu ya kijana wa miaka 19, anadhaniwa kalewa, akiitwa haitiki. Sukari wameshampima kidoleni, na wamefanya vyema: pombe huzuia ini kutengeneza sukari, na aliyeishiwa sukari huropoka na kuyumba kama mlevi. Napiga simu, maana spiriti ya kusafishia ngozi nayo ni pombe, inaweza kuharibu kipimo.

"Sista, ngozi hamkusafisha kwa spiriti?"

"Kaka, hilo ulishanifokea mwaka jana."

Pombe: miligramu 290 kwa desilita. AST 26, ALT 21: vimeng'enya vinavyovuja kwenye damu ini likiumia, na vyote viko kawaida. Yaani yeye kalewa chakari, ini halina habari. Ulevi wa usiku mmoja mara nyingi hauonekani kwenye vimeng'enya, ndiyo maana sipendi mtu anapoviomba ili kujua nani amelewa.

Saa tano. Sampuli imehemolaizi, nyekundu tupu. Chembe nyekundu zina AST yake, zikipasuka namba inapanda bure. Naikataa. Daktari ananuna, analeta nyingine.

Saa sita na robo. Mwanamume wa makamo, fomu imeandikwa "ulevi". Pombe: sifuri. Narudia, sifuri. AST 168, ALT 62, na GGT, kimeng'enya kingine cha ini, 510. ALT huhitaji vitamini B6 ili ifanye kazi, na wanywaji wa siku nyingi huwa wamepungukiwa nayo, basi AST huipita zaidi ya mara mbili. GGT nayo huchukua wiki kadhaa kushuka hata mtu akiacha. Namba za ini zinanionyesha mnywaji wa miaka, ile sifuri inaniambia amekatiza ghafla. Siachi majibu yaende yenyewe.

"Dokta, huyu wako hana hata tone."

Kimya. "Anatetemeka. Nilidhani ni pombe, nikasema alale."

Degedege la kukatiza pombe huja kati ya saa 6 na 48 tangu kinywaji cha mwisho. Nasikia viatu vyake vikikimbia kabla sijaweka simu chini.

Saa tisa usiku. Hii ndiyo iliyonitoa usingizi. Mtu kaokotwa sakafuni, ananuka pombe. AST 940, ALT 215. Uwiano zaidi ya nne! Mwanafunzi aliye nami anasema haraka, "Ini la pombe." Namwambia asubiri. Ini lililovimba kwa pombe ni nadra kuisukuma AST kupita 400. Bilirubini yake, ile rangi ya njano inayopanda ini likishindwa kuiondoa, ya kawaida, GGT ya kawaida. Sasa AST hiyo inatoka wapi? Nauliza alilala chini muda gani. Hakuna ajuaye. Naomba mkojo: unakuja rangi ya chai iliyokolea, kijiti kinaonyesha damu nyingi, lakini kwenye darubini chembe nyekundu hazipo. Tunapima CK, kimeng'enya cha misuli: 38,000, juu mno. Ni misuli. Amelalia upande mmoja saa nyingi, misuli imekufa, na inachomwaga kwenye damu, hicho hicho kilichodanganya kijiti, kinaelekea kwenye figo. Wanamwekea maji ya mshipa, nami narudia potasiamu kila baada ya muda.

Saa kumi na saa kumi na moja zimepita kwa karatasi na kusinzia, sitazieleza.

Saa moja kasoro asubuhi. Mama amesimama dirishani kwangu, kanga begani, anamuulizia yule kijana. Mwili huondoa pombe kama miligramu 15 hadi 20 kwa saa, kwa hiyo mwanawe bado anayo.

"Baba, ini lake limeharibika?"

Namba ninazo kichwani, 26 na 21. Lakini si mimi wa kumpa.

"Shikamoo, mama. Majibu anayo daktari, mlango ule wa kushoto. Nenda tu, usiogope."