Nilivyojifunza Ukandaji wa Kitaalamu na Kuyanusuru Magumba Yangu

Nilipojiandikisha katika mafunzo ya ukandaji wa mwili, niliamini kwamba sehemu kubwa ya kazi nilikuwa nimekwisha kuiweza. Tangu ujana wangu ndugu walikuwa wakinipa migongo yao niwakande na kunisifu kwa nguvu za mikono, nami nikadhani kilichobaki ni kupata cheti. Katika wiki ya saba, asubuhi moja, nilishindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji. Gumba la kulia lilikuwa limevimba kwenye shina lake, na la kushoto lilikuwa linaelekea huko huko.

Nilimwonyesha mwalimu gumba hilo nikitarajia anipe dawa ya kuchua. Hakuliangalia sana, aliniambia nimkande mwenzangu kidogo, akasimama pembeni akiitazama miguu yangu. Baada ya dakika chache akasema, "Vidole vyako vinafanya kazi, mwili wako mzima umesimama kuvitazama." Kisha akaniamuru nisimame kando ya kitanda, niteremshe mikono na kukunja ngumi. Kitanda kinachomfaa mkandaji, kwa kipimo alichonipa, uso wake hugusana na vifundo vya ngumi hiyo, lakini changu kilikuwa juu mno, karibu na kiuno, kiasi kwamba nisingeweza kumwegemea mtu hata kama ningetaka. Ndiyo maana nilikuwa nasukuma kwa misuli ya mikono peke yake.

Kwa wiki mbili nilikatazwa kutumia magumba kabisa. Nilijifunza kutanguliza mguu mmoja, kuunyoosha mgongo, kuanzia msukumo nyongani na kuuacha uzito wa mwili ushuke kupitia mkono ulionyooka bila kukipinda kiganja kupita kiasi. Kwenye misuli mipana ya mgongo na matako nilitumia kigasha, na mara chache kiwiko, kwa uangalifu. Hizo ndizo wiki zilizonifedhehesha kuliko zote, kwa sababu wanafunzi waliokuja bila uzoefu wowote walijifunza mkao huo upesi, ilhali mimi nilikuwa na miaka ya mazoea mabaya ya kuvua. Lakini wenzangu niliokuwa nikifanya nao mazoezi walianza kusema kwamba mkandamizo wangu umekuwa wa kina zaidi, wakati mimi nilihisi kana kwamba sifanyi lolote.

Mtindo tuliofundishwa kwanza ni ule unaoitwa wa Kiswidi, wenye mipapaso mirefu ya kiganja kizima, ukandaji, usuguaji, ugongaji mwepesi na utetemeshaji. Wengi humtaja Per Henrik Ling wa Uswidi kuwa mwasisi wake, ingawa mpangilio wa miondoko hiyo na majina yake ya Kifaransa huhusishwa zaidi na daktari Mholanzi, Johan Georg Mezger, wa karne ya 19. Kwetu majina hayo yalikuwa mzigo wa kukariri tu. Ule mwondoko wa pili haukuhitaji hata maelezo, kwani lugha yetu imekwisha kuupa unga na mwili kitenzi kimoja.

Kilichonikosesha usingizi ni anatomia: mifupa 206, misuli inayozidi 600, na majina mengi ya Kilatini. Kusoma kwa sauti hakukunisaidia. Nilichofanya ni kuutafuta kila msuli kwenye mwili wangu mwenyewe, nikipapasa mahali unapoanzia na unapoishia, na tulipokuwa wawili tulichorana migongoni kwa penseli ya wanja. Nilipochora msuli wa trapezi kutoka kisogoni, ukashuka kando ya uti wa mgongo hadi usawa wa mbavu za mwisho, ukatanuka hadi kwenye mtulinga na kombe la bega, nilielewa kwa nini mtu anayelalamikia shingo hafai kukandwa shingo peke yake.

Somo la mahali na wakati wa kutokanda nililichukulia kwa wepesi mwanzoni. Tuliambiwa tuepuke mkandamizo wa nguvu kwenye sehemu ya mbele ya shingo, kwapani, kinenani na nyuma ya goti, kwa kuwa mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu hupita hapo bila kinga ya kutosha. Tuliambiwa pia juu ya homa, magonjwa ya ngozi yanayoambukiza na majeraha mabichi. Niliandika yote, nikayasahau nusu.

Kisha, tulipokuwa tukihudumia watu chini ya usimamizi, akaja mzee mmoja aliyetoka safari ndefu, akaomba nimchue tafu la mguu mmoja tu. Lilikuwa limevimba kuliko lenzake, lina joto na linauma likiguswa. Miezi michache kabla ya hapo ningelichua kwa bidii zote. Safari hii nilikumbuka kwamba dalili hizo zinaweza kuwa za damu iliyoganda katika mshipa wa ndani, na kwamba kuchua kunaweza kuling'oa donge hilo likasafiri hadi mapafuni. Nilimwita msimamizi, naye akakubaliana nami. "Mzee wangu, mguu huu unahitaji daktari leo hii, si mikono yangu," nilimwambia. Aliondoka amenuna, nami sikupata kujua alikutwa na nini. Hadi leo naihesabu kuwa kazi bora niliyoifanya katika mafunzo yale, ingawa sikumgusa.

Mambo ya adabu ya kazi yalinijia kwa urahisi zaidi: kumhoji mtu afya yake na mzio wa mafuta kabla ya kuanza, kumfunika shuka na kufunua sehemu inayokandwa tu, kumwomba ataje uzito wa mkandamizo kwa namba kati ya 1 na 10. Walimu walitukataza kabisa kudai kwamba ukandaji huondoa sumu mwilini, kazi ambayo ini na figo huifanya bila msaada wetu. Bado nawasikia wenzangu wakilitumia dai hilo kuvutia wateja, na linaniudhi.

Siku ya mtihani wa vitendo nilipoingia chumbani nilikuta kitanda kimeachwa juu, pengine na mtahiniwa mrefu aliyenitangulia. Saa ilikuwa imekwisha kuanza kuhesabiwa. Nilimwomba radhi aliyekuwa amelala, nikamsaidia kushuka, nikapunguza miguu yote minne matundu mawili, nikasimama kando na kukunja ngumi kupima. Kisha nikanawa mikono, nikaanza.