Chumba Hakizidi Boriti: Hesabu za Mishahara ya Magongo ya Barafuni

Mechi za magongo ya barafuni za timu ya Edmonton, Kanada, zinazoanza saa moja jioni kwa saa za kwao hunifikia Lamu saa kumi na moja alfajiri wakati wa baridi yao, na huo ndio wakati ambao muadhini wa msikiti ulio jirani yetu hapa Langoni hukohoa kidogo mbele ya kipaza sauti kabla ya kuanza. Kipindi cha kwanza, kwa hiyo, hunipita karibu kila mara. Nirudipo msikitini huegemeza simu kwenye mto, hukaa mkekani, na mama akipita na birika la chai huniuliza lile lile la siku zote: "Hao watu wa barafu hawajachoka tu?"

Swali la haki ni jingine, nalo nimeulizwa barazani zaidi ya mara moja: mtu wa Amu, ambaye barafu aijuayo ni ile ya kuwekea samaki, anatafuta nini katika mpira wa magongo wa barafuni? Jibu ni kwamba dada yangu ameolewa Edmonton, na mwanawe ameanzisha mchezo wa ukoo kwa njia ya intaneti, ambapo wanane kati yetu kila mmoja anaendesha timu ya makaratasi yenye wachezaji wa kweli, mishahara ya kweli, na kanuni zile zile za ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL. Niliingia kwa ajili ya udugu, nikabakia kwa ajili ya hesabu. Kazi yangu ni kumshikia daftari la malipo mkandarasi mmoja anayekarabati majumba ya kale, na kila Alhamisi jioni ndimi nigawaye fedha za mafundi na vibarua. Pengine ndiyo sababu mabao hayakunishika kama yalivyonishika mambo ya dari la mishahara, yaani kikomo cha jumla ya mishahara ya timu.

Ligi hiyo ina timu 32. Msimu wa 2004–05 ulipotea wote, hata mechi moja haikuchezwa, kwa kuwa wamiliki na wachezaji hawakuafikiana juu ya fedha, na waliporejea msimu uliofuata kila timu iliwekewa kikomo cha dola milioni 39. Kikomo hicho kimepanda hadi milioni 88 msimu wa 2024–25 na milioni 95.5 msimu wa 2025–26. Kikosi hakizidi watu 23, na siku ya mechi huvaa 20, wawili kati yao wakiwa magolikipa. Kila mchezaji huhesabiwa kwa wastani wa mkataba wake, yaani aliyeandikiwa milioni 40 kwa miaka minane huhesabiwa milioni tano kila mwaka, hata kama mwaka wa kwanza amelipwa nyingi na wa mwisho chache. Mwenye timu awe na visima vya mafuta au awe hana, hawezi kuongeza hata dola moja juu ya hapo.

Mpwa wangu aliponieleza haya kwa mara ya kwanza, nilimwambia, "Hiyo ni boriti." Hakunielewa, na sikumlaumu, kwani amekulia katika nyumba ya mbao yenye chumba chini ya ardhi. Aliyelala katika nyumba ya kale ya Lamu anajua kwamba vyumba vyake ni virefu na vyembamba, na sababu yake ni kwamba dari la mawe na chokaa hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haifiki mbali. Upana wa chumba hauendi zaidi ya mita tatu hivi. Tajiri wa zamani aliyejaza zidaka zake za ukutani kwa sahani za Uchina hakuwa na chumba kipana kuliko jirani yake. Alichoweza ni kupanga chumba nyuma ya chumba, daka, msana, ndani, na kujua kipi kikae wapi. Meneja wa timu ya magongo yumo katika kazi hiyo hiyo, ila yeye boriti zake hupimwa kila siku.

Tuitazame Edmonton yenyewe. Msimu wa 2024–25 Connor McDavid alihesabiwa dola milioni 12.5 na Leon Draisaitl milioni 8.5, jumla milioni 21, karibu robo ya kikomo kwa watu wawili. Kwa kikosi kamili hubakia milioni 67 kwa watu 21. Si fedha chache, lakini mabeki wanne wa kuaminika na golikipa mmoja huzila upesi, na meneja akajikuta anahesabu mchele wa mwisho wa gunia. Hapo ndipo timu pinzani hujua pa kupiga.

Mwezi Agosti 2024, majuma machache tu baada ya Edmonton kushindwa na Florida katika mechi ya saba ya fainali, timu ya St. Louis iliwaletea vijana wawili wa Edmonton barua za mkataba kwa siku moja. Kanuni inaruhusu: kijana ambaye mkataba wake wa kwanza umekwisha lakini bado haki zake ziko kwa timu yake anaweza kuposwa na timu nyingine, na timu yake ina siku saba za kulipa kiasi kile kile au kumwachia aende kwa fidia ya nafasi za kuchagua vijana wapya. Kwetu sisi kuposa juu ya posa ya mwenzio ni jambo la aibu na limekatazwa. Kwao ni kanuni iliyoandikwa, ingawa niliona kwamba hata wao huifanya kwa nadra na kwa kununiana.

Raha ya wenye daftari iko katika tarakimu. Philip Broberg aliandikiwa dola 4,580,917 kwa mwaka, na Dylan Holloway dola 2,290,457. Mtu wa kawaida atajiuliza zile 917 na 457 zimetoka wapi. Zimetoka katika jedwali la fidia: dola 2,290,457 ndiyo kilele cha daraja ambalo anayechukua mchezaji hulipa nafasi moja tu ya kuchagua kijana katika raundi ya tatu, na dola 4,580,917 ndiyo kilele cha daraja la raundi ya pili. Dola moja zaidi, na bei ya fidia ingepanda. St. Louis, basi, iliweka mahari makubwa kadiri ilivyowezekana bila kugusa ngazi ya juu, kwa timu iliyojulikana kuwa imebanwa na dari. Edmonton iliwaachia wote wawili, na Holloway akafunga mabao 26 msimu ule ule.

"Mjomba, wametuibia," mpwa wangu aliniandikia.

"Hawakuiba, mwanangu," nilimjibu. "Wameposa, na nyinyi mahari mlikuwa mmeshayamaliza."

Hakunijibu siku mbili.

Sasa niingie katika lile ambalo lilinichukua msimu mzima kulielewa, nalo ni kwamba dari hili hupimwa kwa siku. Msimu wa kawaida una karibu siku 190, na mchezaji huila nafasi yake kidogo kidogo kila siku anapokuwa kikosini. Timu iliyoacha dola milioni moja wazi tangu siku ya kwanza, ikivumilia mpaka zibakie siku 40, inaweza kumchukua mchezaji anayehesabiwa milioni 4.75 kwa mwaka, kwa kuwa siku zake 40 zitagharimu milioni ile moja tu. Ndiyo maana utaona timu nyingi zinatembea na watu 21 badala ya 23, na kijana mmoja anatumwa ligi ya chini Jumatatu na kurudishwa Jumatano. Mbele ya watazamaji inaonekana ni kumdhalilisha, lakini kila usiku anaolala huko ni fedha za mwezi Machi.

Kinyume chake ni orodha ya majeruhi wa muda mrefu. Mchezaji atakayekosa angalau mechi 10 na siku 24 anaweza kuwekwa humo, na timu ikaruhusiwa kuvuka dari ili kumpata wa kushika mahali pake. Wengi hudhani kwamba mshahara wake hufutwa. Haufutwi. Hubakia kwenye hesabu, na kinachopatikana ni ruhusa ya kuvuka, nayo hupimwa kwa mshahara wake ukitoa nafasi uliyokuwa nayo wazi siku ile ulipomwandika. Aliyejaza chumba chake mpaka ukutani hupata ruhusa yote; aliyeacha nafasi huipoteza. Tena, anayeishi juu ya dari kwa ruhusa hii hawezi kujiwekea akiba ya siku.

Mimi nilijifunza hayo kwa kupigwa. Beki wangu wa dola milioni sita aliumia goti mwezi Novemba, nikiwa na jumla ya milioni 87.9 chini ya dari la milioni 88. Kwa tabia yangu ya daftari, nikaona nianze kwa kubana matumizi: nikawatuma chini vijana wawili wa kima cha chini, dola 775,000 kila mmoja, kisha, nikiwa nimejipongeza, nikamwandika majeruhi. Nafasi iliyokuwa wazi siku hiyo ikawa milioni 1.65, na ruhusa yangu ikapungua kwa kiasi hicho. Nikabaki na uwezo wa kumchukua mchezaji wa milioni sita. Ningemwandika beki kwanza, vijana wakiwa bado ndani, kisha ndipo niwatume, ningeweza kufika milioni 7.55. Siku mbili baadaye beki wa milioni saba akawa anatafutiwa timu, na shemeji yangu, ambaye hana habari hata ya nani anacheza wapi, akamchukua. Majina yale yale na tarakimu zile zile. Kilichokosewa ni kutangulia na kufuata. Fundi wetu mkuu kazini angenielewa, kwani yeye haruhusu ukuta upakwe chokaa kabla boriti hazijakaa.

Mfano mashuhuri ni wa Tampa Bay. Nikita Kucherov, aliyehesabiwa milioni 9.5, alifanyiwa upasuaji wa nyonga na kukosa mechi zote 56 za msimu mfupi wa 2020–21. Wakati wa mtoano, ambapo dari lilikuwa halihesabiwi, akarudi katika mechi ya kwanza, akaongoza wachezaji wote kwa pointi 32 (mabao na pasi za mabao), na timu yake ikatwaa Kombe la Stanley, ndilo taji la ligi. Katika sherehe alivaa fulana iliyotangaza kwamba walizidi dari kwa dola milioni 18. Watu walikasirika. Mimi sikukasirika, kwa sababu mlango uliachwa wazi na walioandika kanuni, na aliyeingia alikuwa ameumia kweli. Edmonton wenyewe walipita mlango huo na Evander Kane mwaka 2025, na Florida wakapita na Matthew Tkachuk na kuwashinda tena, hivyo kelele za mpwa wangu kuhusu haki huzisikiliza kwa sikio moja. Kuanzia msimu wa 2025–26 umefungwa: wachezaji 20 wanaovaa siku ya mtoano lazima waenee chini ya dari, na majeruhi anayetarajiwa kurudi msimu huo hatoi tena ruhusa kubwa kuliko wastani wa mishahara ya ligi ya msimu uliotangulia.

Kuna pia fedha za wafu, kama nizitavyo, yaani mishahara ya waliokwisha kuondoka. Minnesota iliwavunjia mikataba Zach Parise na Ryan Suter mwaka 2021, na kwa misimu miwili, 2023–24 na 2024–25, karibu dola milioni 14.7 za dari lake zilikaliwa na watu wasiokuwapo. Mzigo ulipopungua, ikamwandikia Kirill Kaprizov milioni 17 kwa mwaka kwa miaka minane. Kila mtu na namna yake ya kufunga mkanda.

Nikiandika haya, kikosi changu cha makaratasi kina watu 21, dola 41,000 za nafasi, na majeruhi watatu ambao madaktari wanasema watakosa juma moja tu. Kwa hiyo hawafai kwa orodha ya muda mrefu, na mishahara yao inaendelea kunikalia. Nimebaki na 18, magolikipa wawili wakiwamo. Jambo hili si la makaratasi tu, kwani New Jersey ilicheza na Pittsburgh mwezi Oktoba 2010 ikiwa na wachezaji 15 wa uwanjani badala ya 18, kwa kukosa nafasi chini ya dari ya kumwita hata mmoja kutoka ligi ya chini. Kanuni za sasa zinakubali mwito wa dharura nje ya dari, lakini kwa sharti kwamba timu icheze kwanza mechi moja ikiwa pungufu.

Jana mpwa wangu aliuliza, "Mjomba, kwa hiyo Alhamisi utaingia na watu 16 wa uwanjani?"

Nimemjibu kwamba nitaingia nao, na kwamba asinipigie simu kabla sijarudi msikitini.